Sherlock Holmes Mzimuni: Maisha ya Muhammed Said Abdulla

Chukua herufi za mwanzo za jina Muhammed Said Abdulla, uziweke pamoja: M, S, A. Zisome kama neno moja, utapata Msa, jina ambalo watu wa Unguja humwita nalo mtu aitwaye Musa. Ndilo jina la mpelelezi anayejulikana kuliko wote katika riwaya ya Kiswahili, Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra. Mwandishi alimpa shujaa wake jina lake mwenyewe, akalificha juu ya jalada la kitabu, mahali ambapo kila mtu angeweza kuliona. Mchezo huo mdogo unamweleza vizuri. Alikuwa mtu wa kuficha jambo waziwazi, na mzaha wake haukupiga kelele.

Nitasimulia maisha yake kutoka upande mmoja tu, na ni vema niseme kwa nini. Mwaka 2009 Mmarekani Seth Grahame-Smith alichukua riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, akaijaza maiti wanaotembea na kula watu, akaichapisha kwa jina la Pride and Prejudice and Zombies. Kitabu kilinunuliwa sana, wengine wakafuata mtindo huo, na mwaka 2016 kikatolewa filamu. Tangu hapo anayefundishwa parodia, yaani kazi inayoiga kazi nyingine kwa mzaha, hupewa mfano huu: riwaya ya zamani iliyoheshimiwa, ikaandikwa upya kwa vituko vya kutisha ili watu wacheke. Basi mwanafunzi wa lugha hapa Goma ana haki ya kuuliza kama Kiswahili nacho kina kitu cha namna hiyo. Jibu langu ni kwamba kinacho, tena kimetangulia kwa karibu nusu karne, ila kinakwenda kinyume. Wamarekani waliingiza mizuka mahali ambapo haikuwepo. Mzanzibari huyu aliichukua riwaya ya upelelezi ya Waingereza, akaipeleka mahali ambapo mizimu ilikuwa na makao yake ya siku zote, kisha akaiondoa mizimu ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ikabaki maiti ya mtu na watu waliomzunguka.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918, Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mji wa wavuvi na wakulima, na unajulikana hasa kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi unaosherehekewa mwezi wa Julai. Siku hiyo wanaume hupigana kwa vikonyo vya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mtoto anayekulia hapo haambiwi kwamba watu wa kale wapo. Anawaona wakishirikishwa katika kalenda ya mji wake.

Kuna jambo lingine la Makunduchi ambalo watu wa kitivo cha lugha hawawezi kulipita. Lahaja ya huko si Kiunguja cha mjini, kile kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Inaitwa Kimakunduchi, na jina lake jingine ni Kikae. Lahaja hiyo hudondosha sauti ya l mahali pengi, na kae ni kale. Kwa hiyo mtu ambaye lugha ya kwao inaitwa lugha ya kale ndiye aliyekuja kuandika kitabu chenye watu wa kale katika jina lake. Sisemi kwamba alikusudia. Nasema tu kwamba aliandika kwa Kiunguja cha mjini, kilichonyooka na chenye utajiri mkubwa wa maneno, na kwamba Kiunguja hicho alikifikia akitokea kando, kama sisi tunavyokifikia Kiswahili cha vitabu tukitokea Kiswahili cha Birere na cha Majengo.

Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa na serikali katika Idara ya Afya, kazi ya ukaguzi. Aliifanya kwa miaka kumi. Wanaoandika juu yake huipita kazi hii kwa sentensi moja na kukimbilia magazeti. Mimi nadhani ndiyo shule yake kubwa. Bwana afya wa enzi za ukoloni alikuwa mtu wa kuingia katika nyua za watu: anatazama visima, vyoo, mitaro na madimbwi ya mbu, anauliza nani amekufa na alikuwa akiumwa nini. Kazi yake yote imejengwa juu ya wazo moja, kwamba kifo kina sababu inayoweza kutafutwa. Nyumba inayougua haikulogwa, pengine imechota maji machafu. Naye anayaeleza hayo kwa watu ambao tayari wana maelezo yao.

Tena watu hao walikuwa na maelezo juu yake yeye mwenyewe. Katika miaka hiyo Afrika Mashariki yote ilijaa habari za mumiani, watu waliodhaniwa kunyonya damu ya wengine ili itengenezwe dawa. Walioshukiwa mara nyingi walikuwa watumishi wa serikali wenye sare na vyombo: wazima moto wa Nairobi na Kampala, watu wa hospitali, watu wa utafiti. Katanga nako waliogopwa batumbula. Mtumishi wa afya aliyetembea na daftari vijijini aliweza kuwa, kwa wakati uleule, mtu anayepinga habari za kutisha na mtu anayesimuliwa ndani yake. Ukishayajua haya, huwezi tena kumsoma Bwana Msa kama nakala tu ya mtu wa London.

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Kwa msomaji wa leo hayo ni majina tu, lakini Zanzibar ya wakati ule kila gazeti lilikuwa na kambi yake. Al Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Mtu aliyeweza kushika kalamu katika yote mawili, kisiwa kikielekea kwenye uchaguzi wenye chuki wa kuanzia mwaka 1957, alikuwa ama mtu asiye na msimamo ama mtu aliyejua kusikiliza pande mbili zikisimulia tukio moja kwa namna mbili. Vitabu vyake vinanifanya nichague la pili. Mwaka 1958 akahamia Mkulima, jarida la kilimo la taifa, na huko akabaki kwa miaka kumi mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Katikati ya mambo hayo kuna shindano. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililokuwa Nairobi, East African Literature Bureau, liliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Muhammed Said Abdulla, aliyekuwa amefikia miaka 40, alipata tuzo ya kwanza. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale.

Hapa lazima tusimame kidogo juu ya neno moja, kwa kuwa msomaji wa Goma anaweza kulisikia vibaya. Kwetu, anayesema muzimu anasema roho ya mtu aliyekufa. Ndivyo lilivyo katika Kinyarwanda, umuzimu na abazimu, na katika Mashi vilevile. Ni kiumbe, kina ngeli ya watu. Masimulizi ya zamani ya eneo hili la volkano yaliwaweka abazimu wa watu waovu ndani ya moto wa Nyiragongo. Katika Kiswahili cha pwani mzimu una ngeli ya miti, na mara nyingi si roho bali ni mahali: pango, mbuyu, magofu, mahali ambapo watu hupeleka ubani na chakula kuomba haja zao. Mzimu wa kitabu ni mahali pa namna hiyo, katika shamba. Kwa hiyo jina la kitabu lisieleweke kwamba kuna mzuka atakayetokea. Maana yake ni kwamba kuna eneo ambalo watu hawalikaribii ovyo, na eneo ambalo watu hawalikaribii ovyo lina faida kwa mtu mwenye jambo la kuficha.

Mwenye shamba anakutwa ameuawa huko mzimuni. Maelezo yako tayari kabla polisi hawajafika: watu wa kale wamekasirika. Anakuja Inspekta Seif na utaratibu wake, na anakuja Bwana Msa pamoja na rafiki yake Najum, ambaye anashika nafasi ya daktari Watson, mtu wa kushangaa kwa niaba yetu. Asiyejua Sherlock Holmes atafurahia fumbo. Anayemjua atafurahia mara mbili, maana kila kitu kipo na kila kitu kimegeuzwa. Kiko kipo. Rafiki mwaminifu asiyeona kilicho mbele ya macho yake yupo. Polisi wanaochelewa kuelewa wapo. Lakini ukungu wa London umekuwa kivuli cha miti ya shamba, na gari la farasi halipo.

Badiliko kubwa zaidi liko katika namna ya kujua. Holmes anasoma vitu: majivu ya sigara, tope la kiatu, alama ya gurudumu. Bwana Msa hajizuii kutazama vitu, ila siri za Muhammed Said Abdulla, kitabu baada ya kitabu, zimezikwa katika ukoo. Nani alizaa na nani, nani alilelewa na asiye mzazi wake, nani anarithi. Anayetaka kumjua muuaji itambidi ajue kwanza nasaba. Katika jamii ambayo mtu hutambulika kwa kuulizwa ni mtoto wa nani, huo ndio uchunguzi wa kweli, na hakuna kioo cha kukuzia kinachouweza. Wahakiki waliosema kwamba alinakili tu walikuwa wakitazama kiko, wakasahau kutazama ukoo.

Lawama hiyo ya kunakili ni nzito na haifai kuruka. Kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimezoezwa kusoma Ulaya ndani ya Kiswahili. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati ya lugha, alikuwa ameutafsiri ulimwengu wa Rider Haggard na wa Gulliver kwa ajili ya shule. Vitabu hivyo vilivaa Kiswahili lakini miguu yao ilibaki Uingereza; Mwafrika ndani yake alikuwa mbeba mizigo ama mtu wa kushangaa. Mwandishi aliyetaka kitu kingine alikuwa na njia mbili. Angeweza kuwapa kisogo wageni hao na kuandika kwa kufuata ngano na tenzi, kama Shaaban Robert alivyofanya kwa ustadi mkubwa. Ama angeweza kumchukua mgeni mmoja kwa mkono, kumvalisha kanzu, kumpa jina lake mwenyewe, na kumtuma afanye kazi ya nyumbani. Muhammed Said Abdulla alifuata njia ya pili. Herufi zile tatu za jina ni kama muhuri wa forodha: mzigo umeingia, ushuru umelipwa, sasa ni mali ya hapa.

Sisi tunaosoma Kifaransa tuna mfano ulio karibu. Maurice Leblanc alipomwingiza Sherlock Holmes katika visa vya Arsène Lupin mwaka 1906, Conan Doyle alilalamika, naye Leblanc akageuza herufi mbili tu, akapata Herlock Sholmès, Mwingereza anayechekwa na mwizi wa Kifaransa. Hiyo ni parodia ya mshindani: inamshusha mgeni ili mwenyeji apande. Ya Zanzibar haifanani nayo. Bwana Msa hamdhihaki Holmes hata mara moja. Anayechekwa ni mwingine, na huyo ndiye anayetuleta kwenye kiini cha jambo.

Jane Austen mwenyewe, miaka mia mbili kabla ya kujaziwa maiti, alikwisha kuandika mzaha juu ya vitabu vya kutisha. Ni Northanger Abbey, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1817 baada ya kifo chake. Msichana aliyesoma riwaya nyingi za majumba yenye siri anakaribishwa katika nyumba kubwa ya zamani, anafungua kabati usiku kwa kutetemeka, anakuta karatasi, na asubuhi anaona kwamba ni hesabu za dobi. Hofu ilikuwa ya uongo na chini yake hapakuwa na kitu. Kwa Muhammed Said Abdulla hofu ni ya uongo vilevile, ila chini yake pana mtu aliyeuawa. Hapo kicheko kinakatika. Mzimu haukuua, lakini mtu ameua, na aliyeua ametumia mzimu kama pazia. Hivyo kuwacheka wanaoogopa hakutoshi, kwa maana woga wao si ujinga mtupu. Ni mlango ambao mwingine ameuacha wazi kwa makusudi.

Conan Doyle alilijua jambo hilo. The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1901 na 1902, ina laana ya kale, mbwa wa kuzimu, na mrithi anayefaidika watu wakiogopa. Ni vigumu kuamini kwamba mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale hakuwa ameisoma. Lakini tazama jinsi maisha yanavyowageuza watu. Doyle, daktari aliyesoma Edinburgh, alimaliza maisha yake akihubiri kwamba wafu huzungumza na walio hai, akatetea hata picha za watoto wa Cottingley waliodai kupiga picha za viumbe wadogo wenye mabawa. Mtu wa Makunduchi, ambaye kwake watu wa kale walikuwa majirani, alimwandika mpelelezi ambaye hakuyumba. Vitabu vya shule vya wakati ule vilikuwa vikiwafundisha watoto kwamba akili ni ya Ulaya na uchawi ni wa Afrika. Mtu mwenye kupenda mzaha usio na kelele lazima aliliona hilo.

Kitabu cha pili hakikuja haraka. Kati ya 1960 na 1968 hakuna riwaya. Tarehe 12 Januari 1964 yalikuja Mapinduzi ya Zanzibar, na yale magazeti ya makambi yakatoweka pamoja na makambi yenyewe. Yeye aliendelea kuhariri Mkulima. Watu wengi walikufa na wengi walikimbia. Wasomi wa kisiwa walitawanyika mpaka Oman, Dubai na London. Riwaya zake hazizungumzii Mapinduzi, na wahakiki wa miaka ya 1970 waliotaka fasihi ya kitabaka hawakulipenda hilo. Mohamed Suleiman Mohamed na Shafi Adam Shafi, wadogo zake kwa umri, ndio waliochukua kazi hiyo. Kwa upande wangu lawama hii ina ukweli kuliko ile ya kunakili. Mtu aliyehariri Al Falaq na Afrika Kwetu alikuwa na jambo la kusema juu ya jinsi watu wa kisiwa kimoja wanavyofikia kuuana, naye hakulisema.

Pengine alisema kidogo, kwa njia yake. Mwaka 1968, mwaka aliostaafu, kilitoka Kisima cha Giningi. Jina la Giningi halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Unguja wala Pemba. Ni makao ya wachawi yasiyoonekana, mji wao wa usiku, mahali ambapo anayepelekwa harudi kama alivyokuwa. Mwandishi analichukua jina hilo la kuogofya kuliko yote, analibandika juu ya kisima, na kumtuma Bwana Msa. Huenda ni mimi tu, lakini siwezi kusoma jalada hilo bila kumwona kijana wa Idara ya Afya, daftari mkononi, akiinama juu ya kisima ambacho hakuna mwingine anayetaka kukitazama ndani.

Katika kitabu hiki jambo lililo hatarini linajitokeza zaidi kuliko katika cha kwanza. Uchawi una tofauti na mzimu. Mzimu unamlaumu aliyekufa zamani. Uchawi unamlaumu jirani. Neno likishatajwa hutafutwa mtu wa kulibeba, na huyo mara nyingi ni bibi kizee, mjane, ama mtoto asiye na wa kumtetea. Hilo hatuhitaji kulisoma kwa Wazanzibari. Katika Kivu zetu mbili wazee wamechomwa moto kwa neno hilo, na tumeyasikia hayo katika redio za hapahapa. Ukisoma hadithi ya kutisha ambayo kazi yake ni kulivua neno nguvu, huisomi tena kama burudani ya safari. Zanzibar yenyewe haikupona kwa kusoma vitabu hivyo: mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea kutoka Pemba hadi Unguja, watu wazima wakalala nje ya nyumba zao kwa makundi, na katika vurugu hiyo watu walishambuliwa kwa kudhaniwa ndiye.

Baada ya kustaafu aliandika kama mtu aliyefunguliwa. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, vyote vikichapishwa Nairobi. Mizimu imepungua katika majina haya, na kilichobaki ni ukoo peke yake pamoja na ucheshi. Visa vinazidi kupindana, kiasi kwamba msomaji asiyeandika majina pembeni hupotea. Kwa ladha yangu katika viwili vya mwisho mafundo ni mengi mno, na Bwana Msa anayafungua kwa hotuba ndefu ambayo Najum peke yake ana subira nayo. Lakini Kiswahili chake kinazidi kukolea. Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kuifanya riwaya ya upelelezi kuwa biashara ya bunduki na magari; Faraji Katalambulla alikuwa ameifungua njia hiyo Bara kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Bwana Msa hakuifuata.

Cha mwisho kilitoka mwaka 1984, mwandishi akiwa na miaka 66, na jina lake ni Kosa la Bwana Msa. Conan Doyle alipomchoka Holmes alimtupa katika maporomoko ya maji ya Uswisi, kisha akalazimika kumrudisha. Mzee wa Makunduchi alikuwa na adabu zaidi kwa mtoto wake: aliandika kosa lake juu ya jalada, chini ya jina ambalo herufi zake za mwanzo ni zilezile. Baada ya miaka 24 ya kuicheka hofu ya watu wengine, zamu ya kuchekwa ilimfikia mpelelezi.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwezi wa Machi 1991. Riwaya zake ziliingia katika mitaala ya shule Tanzania na Kenya, na watoto wengi wa huko walimjua Bwana Msa kabla ya kumsikia Sherlock Holmes, hata wakaja kumwona Mwingereza huyo kuwa ndiye mwigaji.

Anayetaka kumsoma kutoka hapa kwetu aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, si na Kisima cha Giningi, ingawa cha pili ni bora. Cha kwanza ni kifupi na fumbo lake linafuatika hata kwa mtu ambaye Kiunguja kinampa taabu. Awe na kamusi karibu kwa maneno ya shamba, ya nyumba na ya ndoa, maana hayo ndiyo yenye ushahidi. Na anapofika kwenye neno mzimu atazame kiambishi cha kitenzi kinacholifuata, ajue kama kinachotajwa ni kiumbe au ni mahali.